LanguageTool: kisahihishi cha Kiingereza unachoweza kukifundisha makosa yetu

Chukua sentensi hii: "My mother called yesterday and he said the book which I bought it is good." Mwingereza akiisoma atakwama mara mbili. Mama amegeuka mwanamume, na kitabu kimetajwa mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Lakini ukikagua tahajia peke yake hutaona kasoro, kwa sababu kila neno lipo kwenye kamusi na limeandikwa sawasawa.

Chanzo cha makosa yote mawili ni Kiswahili, tena Kiswahili fasaha. Sisi husema "kitabu nilichokinunua". Livunje neno hilo: ni-li-cho-ki-nunua. "Cho" inarejea kitabu, "ki" nayo inarejea kitabu hichohicho, na sarufi yetu haina ugomvi na hilo. Kiingereza kina nafasi moja tu ya kurejea. Ukishaandika "which", ile "it" haina pa kukaa. Na "alisema" ni ya mama, ya baba, ya shangazi na ya jirani, kwa kuwa ile "a" ya mwanzo haiulizi jinsia. Mtu aliyekulia katika lugha hii akiandika Kiingereza kwa haraka, "he" na "she" zitapishana hata kama ana shahada mbili ukutani.

Kwa hiyo kukipima kisahihishi kwa wingi wa mistari myekundu kinayoichora hakumfai sana mwandishi wa kwetu. Tuliangalia mambo mawili. Je, makosa ya mtu anayefikiri kwa Kiswahili yanakamatwa? Na yale yanayopita, kuna njia ya kuyazibia? Kwa swali la kwanza LanguageTool ni ya wastani. Kwa swali la pili haina mpinzani kati ya zile zinazojulikana, na ndiyo maana tunaipendekeza kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, karani anayeandika barua za ofisi, na yeyote anayeandaa ripoti za mradi kwa wafadhili.

Programu hii ilianzishwa na Mjerumani Daniel Naber mwaka 2003, ikiwa kazi yake ya chuo. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya LGPL, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuupakua, kuutumia na kuubadilisha bila kulipa. Sambamba na hiyo kuna huduma ya mtandaoni yenye toleo la kulipia, na tangu mwaka 2023 kampuni inayoiendesha iko chini ya Learneo, wamiliki wa QuillBot, programu ya kuandika upya sentensi. Watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili. Huduma ya mtandaoni ukitumia bure ina kikomo cha urefu wa maandishi kwa kila ukaguzi, na maandishi yako yanasafiri hadi kwenye seva zao. Toleo la kupakua linakaa kwenye kompyuta yako, halina kikomo hicho, na likishawekwa halihitaji bando hata kidogo. Kasoro yake kubwa ni kwamba kanuni za toleo la kulipia hazimo. Tunachokipitia hapa ni hilo la kupakua.

Ni vizuri kujua linavyofikiri, kwa kuwa hapo ndipo utaelewa kwa nini linashindwa linaposhindwa. Kwanza linaikata aya kuwa sentensi, na sentensi kuwa maneno. Kisha kila neno linapewa lebo ya aina yake: nomino ya umoja, nomino ya wingi, kitenzi cha wakati uliopita, kihusishi na kadhalika. Neno moja laweza kubeba lebo kadhaa. "Book" ni kitabu na pia ni kuweka nafasi. Baada ya hapo linajaribu kuondoa lebo zisizofaa kwa kutazama majirani wa neno, halafu linalinganisha mfuatano uliobaki na maelfu ya kanuni zilizoandikwa na watu. Mfuatano ukifanana na kanuni, mstari unachorwa. Usipofanana na yoyote, sentensi inapita. Haliulizi "huyu anataka kusema nini?"

Kwa hiyo makosa ya umbo linayakamata vizuri sana. "He go", "she have", "did not went", "more better", "a hour", "one of the student", neno lililorudiwa mara mbili kama "the the", na ule mkanganyiko wa "their" na "there": yote haya ni chakula chake. "Did not went" inastahili neno moja, maana imejaa kwenye barua zetu. Mwandishi anaona tukio limepita, anaweka wakati uliopita kwenye "did", kisha anauweka tena kwenye kitenzi. Kiswahili hakikufanyi ukosee hapa. "Hakuenda" ina alama moja tu ya wakati, ile "ku". Ukiikumbuka "hakuenda" unapoandika, utaandika "did not go" bila kusaidiwa na mashine.

Kundi la pili ni wingi usiokuwepo. Sisi tuna vifaa, samani, habari, mizigo na ushauri, na vingi kati ya hivyo huhesabika au huonekana kuhesabika, basi tunaongeza "s": "equipments", "furnitures", "informations", "luggages", "advices". "Informations" na "furnitures" huchorewa mstari. Mtego uko kwa "researches" na "staffs". Maneno haya yapo kwenye kamusi kwa sababu ni vitenzi halali: "she researches malaria", "the agency staffs the clinic". Mkaguzi wa tahajia hana sababu ya kuyashuku. "All staffs are requested to attend" itabandikwa kwenye ubao wa matangazo ikiwa na kosa lake, wakati "staff" peke yake ilitosha, au "members of staff" ukitaka kuonyesha ni watu mmojammoja.

Kundi la tatu ndilo linalotuuma zaidi, na hapa LanguageTool kama ilivyotoka kiwandani haina msaada. Ni sentensi zilizo sahihi kisarufi ila zimebeba Kiswahili ndani. "I hear a bad smell." Kwetu pua na sikio hugawana kitenzi kimoja, husikia harufu na husikia sauti, Mwingereza harufu anainusa, "I smell something bad". "You are lost these days" ni "umepotea siku hizi", salamu ya upendo kabisa, lakini anayeisoma Manchester atadhani unamwambia kapotea njia. "Sorry for the work" ni "pole na kazi", na anayeipokea atajiuliza umemkosea nini. "Slowly by slowly" imezaliwa na polepole. "I remained with two hundred shillings" ni "nimebaki na shilingi mia mbili". Kiingereza kinasema "I had two hundred shillings left".

Yapo pia majibu ya maswali ya kukanusha. Mteja anaandika: "Have you not received the payment?" Ofisi inajibu: "Yes." Kwa Kiswahili "ndiyo" hapo inakubaliana na swali: ndiyo, hatujapokea. Kwa Kiingereza "yes" hapo inasema fedha zimefika. Hakuna programu itakayochora mstari chini ya "yes", na hasara yake ni ya fedha taslimu. Dawa ni kutojibu kwa neno moja: andika "We have not received it."

Na saa. "The meeting is at two" ikiandikwa na mtu anayemaanisha saa mbili asubuhi, mgeni atafika saa nane mchana akute ukumbi mtupu. Sentensi ni safi, na tofauti ni ya saa sita.

Hapo ndipo uwezo wa kuifundisha unapoleta faida, lakini kwanza tuiweke kwenye kompyuta.

Unahitaji Java, programu ambayo LanguageTool huendeshwa juu yake; weka toleo la 17 au jipya zaidi ili usisumbuke. Pakua faili la zipu la LanguageTool, lifungue kwenye folda yenye njia fupi isiyo na nafasi katika jina, mfano C:\LT. Ukibofya mara mbili languagetool.jar litafunguka dirisha la kawaida ambamo unaweza kupesti maandishi na kuyakagua. Hilo linatosha kwa majaribio. Kwa kazi ya kila siku ni afadhali uiwashe kama seva ili programu nyingine ziitumie. Fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo uandike, kwa mstari mmoja:

java -cp languagetool-server.jar org.languagetool.server.HTTPServer --port 8081 --allow-origin

Kisha kwenye kivinjari fungua http://localhost:8081/v2/check?language=en-GB&text=he+go na utaona jibu lenye maelezo ya kosa, limeandikwa kwa mabano na koma nyingi. Ukiliona, seva inafanya kazi. Usilifunge dirisha lile la amri. Ukilifunga seva inazimika, na hili ndilo linalowapata wengi siku ya kwanza. Ukiambiwa mlango 8081 umeshikwa na programu nyingine, badilisha namba kwenye amri na ukumbuke kuibadilisha kila mahali utakapoitaja. Ukisahau sehemu ya --allow-origin, viendelezi vya kivinjari vinaweza kukataa kuzungumza na seva ingawa yenyewe iko hai.

Wanaotumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia inayofanana na Word, wamerahisishiwa. Tangu toleo la 7.4 uwezo wa kuunganisha seva ya LanguageTool umo ndani. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, tafuta sehemu ya LanguageTool, weka tiki ya kuiwezesha, na kwenye nafasi ya anwani andika http://localhost:8081/v2 bila mkwaju mwishoni. Kuanzia hapo mistari itaanza kujichora unapoandika.

Kuna nyongeza moja nzito: data ya mfuatano wa maneno, iliyotokana na vitabu vilivyochanganuliwa na Google. Programu huitumia kupima maneno yanayofanana, ikihesabu ni mara ngapi maneno matatu yanafuatana hivyo katika vitabu. Faili la Kiingereza likiwa bado zipu linazidi GB 8. Je, lina thamani ya bando hilo? Kwa mtu ambaye r na l humchanganya, ambaye "pray" na "play" au "fresh" na "flesh" hubadilishana nafasi, tunaona data ya aina hii ndiyo yenye nafasi ya kumsaidia, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi kitahajia. Ila itakamata pale tu ambapo jozi hiyo ya maneno imo kwenye orodha ya programu. Kwa wengine, acha. Ukiipakua, iweke kwenye diski ya SSD, kwani kwenye diski ya kuzunguka kila sentensi itasubiri. Ongeza kwenye ile amri --languageModel ikifuatiwa na njia ya folda. Kosa la kawaida hapa ni kuielekeza kwenye folda ya "en" yenyewe. Elekeza kwenye folda mama, ile ambayo "en" imo ndani yake.

Sasa mafunzo. Ndani ya folda ya programu kuna org, kisha languagetool, kisha rules, kisha en. Humo mna grammar.xml, faili kubwa lenye kanuni za Kiingereza. Usiliguse, maana ukisasisha programu kazi yako itafutika. Kanuni zako ziandike kwenye faili la grammar_custom.xml katika folda hiyohiyo, na uwe na nakala yake mahali pengine. Tuchukue kosa lililoenea mno kwenye barua za kuomba ruhusa: "I humbly request for two days of leave." Kiingereza kinasema "I request two days", bila "for". Kosa hili halitoki kwenye Kiswahili, maana "naomba ruhusa" haina kihusishi. Linatoka kwa "ask for", na kwa nomino "a request for leave" ambayo ni sahihi kabisa.

Mwanagenzi ataandika kanuni inayokamata kila "request for", na kesho yake ataanza kuona mistari chini ya "my request for leave". Akijaribu kuibana kwa kusema "request ikiwa kitenzi tu", itamlipukia kwa "requests", ambayo ni nomino ya wingi na pia kitenzi. Akihamia "requested for", itamlaumu mtu aliyeandika "the documents requested for the meeting", sentensi isiyo na kosa lolote. Njia salama ni kubana kwa mtenda: "I" au "we", kisha kielezi kimoja cha adabu kikiwepo, kisha "request for".

<rules lang="en">
<category id="MAKOSA_YETU" name="Makosa yetu">
<rule id="SW_REQUEST_FOR" name="I request for">
<pattern>
<token regexp="yes">I|we</token>
<token min="0" regexp="yes">kindly|humbly|hereby</token>
<marker>
<token>request</token>
<token>for</token>
</marker>
</pattern>
<message>Kitenzi hiki hakitaki "for". Andika: <suggestion>request</suggestion>.</message>
<example correction="request">I humbly <marker>request for</marker> two days of leave.</example>
</rule>
</category>
</rules>

Soma taratibu utaona haina uchawi. Kila "token" ni neno moja. "min" ikiwa 0 maana yake neno hilo laweza kutokuwepo. "marker" inaonyesha ni wapi mstari uchorwe, ili "I humbly" isihusishwe. "message" ndiyo inayomtokea mwandishi, na tazama: imeandikwa kwa Kiswahili. Jambo hili lina uzito kwetu. Mtu anayesumbuliwa na Kiingereza anapewa maelezo ya kosa lake kwa Kiingereza kigumu kuliko kile alichokosea; anabofya pendekezo bila kuelewa, na wiki ijayo anarudia kosa lilelile. Akiambiwa kwa lugha yake kwa nini "for" inatoka, ana nafasi ya kujifunza.

Ukimaliza, endesha testrules iliyomo kwenye folda kuu. Ipo ya Windows na ya Linux. Itasoma mfano wako na kuhakikisha kanuni inaukamata na kupendekeza ulichosema. Ukisahau kufunga alama moja, faili zima linakataliwa, si kanuni moja tu. Na seva izimwe na kuwashwa upya kila unapobadilisha faili.

Kwa mtindo huohuo unaweza kuweka "discuss about", "emphasize on", "reach at", "slowly by slowly", na "staffs" inayofuata "all" au "the". Kwa "which I bought it" mchoro wake ni "which", kiwakilishi cha mtu, kitenzi cha wakati uliopita, kisha "it". Angalia tu sentensi kama "the reason for which I did it", ambayo ni halali. Itabidi uongeze kizuizi, kinachoitwa antipattern, cha kuiruka kila "which" iliyotanguliwa na kihusishi. Kwa mama aliyegeuka "he", andika "mother|sister|aunt|wife" yenye skip ya 6, yaani ruhusa ya kuruka hadi maneno sita, halafu neno "he". Kanuni hiyo itapiga kelele bure kwa "my sister told John that he was late", kwa hiyo ujumbe wake uwe swali: "Je, huyu 'he' ni nani?" Tunaona kelele kidogo hapo zinavumilika kuliko kumbadilisha mzazi wa mtu jinsia kwenye barua rasmi.

Kanuni ishirini za namna hii, zilizotokana na makosa halisi ya ofisi moja au idara moja ya chuo, zina faida kuliko mapendekezo mia ya jumla. Faili ni dogo, linatumwa kwa WhatsApp, na kila mwenye programu analiweka kwenye folda yake.

Majina yetu ni kero nyingine. Mwanaisha, Kinondoni, Nyamwezi na Uasin Gishu vyote huwekewa mistari myekundu, na ukurasa wenye majina thelathini unakufanya uache kuitazama mistari kabisa, pamoja na ile yenye kosa la kweli. Yaandike kwenye spelling_custom.txt, jina moja kila mstari. Ripoti zenye nukuu za mahojiano kwa Kiswahili zina dawa tofauti: kwenye LibreOffice au Word lichague fungu hilo na uliwekee lugha ya Kiswahili. LanguageTool haina Kiswahili kati ya lugha zake, ingawa Kikhmer na Kitagalogi zimo, kwa hiyo kwenye LibreOffice fungu hilo halitaguswa. Tunasikitika kwamba haimo. Kwa sababu hiyohiyo ile sehemu ya kuchagua lugha mama, ambayo huwaonya Wajerumani na wengine kuhusu maneno yanayofanana na ya kwao, kwetu haina kazi.

Chagua Kiingereza cha Uingereza kabla hujaanza. Shule na serikali zetu huandika "programme", "labour" na "colour". Ukiiacha kwenye cha Marekani utasahihishwa mahali ambapo hukukosea, na mbaya zaidi, utakubali nusu ya mapendekezo na kuacha nusu, waraka uwe na tahajia mbili.

Vipi kuhusu wenzake? Kikaguzi cha Word kinatosha kwa mtu aliye nacho tayari, na kitufe cha F7 kinakipeleka kosa kwa kosa. Kina mtego mmoja unaostahili kutajwa: maandishi yaliyopestiwa kutoka kwingine yanaweza kuja na alama ya "usikague tahajia wala sarufi". Waraka unaonekana safi, hakuna mstari hata mmoja, kumbe haukukaguliwa. Chagua waraka wote kwa Ctrl+A, nenda kwenye mpangilio wa lugha ya ukaguzi, toa tiki hiyo, na uweke Kiingereza cha Uingereza papo hapo.

Grammarly, iliyoanzishwa na Waukraine mwaka 2009, ni hodari zaidi katika kuilainisha sentensi nzima, na kwa mtu mwenye intaneti ya uhakika anayeandika Kiingereza kutwa, kuilipia si hasara. Imekuwa ikitoza dola 12 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, na dola 30 ukilipia mwezi mmojammoja. Kwa mwanafunzi wa kwetu hizo ni fedha nyingi. Bila mtandao haifanyi kazi, na kila unachokiandika kinakwenda kwenye seva zao. Kwa faili la mgonjwa, hati ya kesi au mtihani ambao haujafanywa, hatuishauri. Tahadhari nyingine inahusu mapendekezo ya kuandika upya sentensi, yawe yake au ya programu yoyote: mashine ikiilainisha sentensi ambayo haikuielewa, inakurudishia Kiingereza kizuri kinachosema jambo lingine. "I hear a bad smell" ina bahati, kwa sababu hata ikiachwa inaeleweka. "The meeting is at two" ikilainishwa itakuwa "The meeting will commence at two", na mgeni bado atafika saa nane mchana.

Kwa hiyo hata ukishaweka kanuni zako zote, kuna mzunguko mmoja wa mkono usiokwepeka, na kwa kurasa kumi hauchukui hata robo saa. Kanuni ya LanguageTool kwa kawaida huishia pale sentensi inapoishia, "My mother called. He said" ina nukta katikati, na ile skip ya 6 haivuki nukta. Bonyeza Ctrl+F, andika "he" na uchague utafutaji wa neno zima ili usiletewe "the" na "when". Simama kwenye kila moja, urudi nyuma hadi kwenye jina la mtu anayetajwa. Fanya hivyo tena kwa "his" na "him", kisha "she" na "her". Mwisho tafuta "am", "pm" na "at", na kwenye kila saa utakayoikuta ongeza au toa sita kichwani: ukikuta namba uliyoandika ndiyo unayoitamka kwa Kiswahili, ibadilishe, na uandike asubuhi au mchana kwa maneno, "8 o'clock in the morning".